Swali la lugha: Je, “-ka-” inaweza kufungua onyesho jipya?

Swali: Ninaandika hadithi fupi. Mhariri amezungushia duara neno “baadaye” mara saba katika kurasa nne, na pembeni akaandika: “Hadithi inaruka, msomaji anabaki kituoni.” Nitumie maneno gani mengine kuunganisha onyesho na onyesho? Na je, ni ruhusa kuanza onyesho jipya kwa kitenzi chenye -ka-? Kipande kimoja ni hiki: “Asha alimaliza kufunga duka akapanda daladala. Baadaye alifika nyumbani. Baadaye alipika wali akakula. Wakati huohuo Juma alikuwa bandarini. Alikuwa amekasirika. Akampigia simu. Hakupokea.”

Jibu: Ukizitoa “baadaye” saba na kuweka “kisha”, “halafu”, “punde si punde” na ndugu zake, utakuwa na kigugumizi kilekile kilichobadilishiwa nguo. Kiswahili hakitegemei sana viunganishi kuvusha msomaji kutoka tukio hadi tukio. Kazi hiyo hufanywa ndani ya kitenzi chenyewe, na sehemu iliyobaki hufanywa na nomino inayotajwa mwanzoni mwa sentensi. Kwa hiyo swali lako la pili, la -ka-, ndilo lenye ufunguo. Tuanze nalo.

Kiambishi -li- huliweka tukio mahali pake katika wakati uliopita. Kiambishi -ka- hakina wakati wake. Huuazima kwa kitenzi kilichotangulia, kisha hueleza kwamba hili lilifuata lile. Ukiandika “Alifunga duka, akavuka barabara, akapanda daladala”, msomaji anaona mnyororo mmoja. Ukiandika “Alifunga duka. Alivuka barabara. Alipanda daladala”, kila -li- inaweka nukta yake upya, na msomaji anasikia vituo vitatu. Hapo ndipo waandishi wengi wanapopotea: wanatumia -li- tupu ndani ya onyesho, ambako mambo yanapaswa kutiririka, kisha wanapofika kwenye mpaka wa maonyesho hawana tena cha kuuonyesha mpaka huo, wanaokota “baadaye”. Acha -ka- ibebe mwendo wa ndani, na -li- uihifadhi kwa ajili ya kufungua. Ukifanya hivyo tu, -li- ya kwanza baada ya mfululizo wa -ka- itamwambia msomaji, bila kiunganishi chochote, kwamba tumeanza upya.

Usizidishe, lakini. Mfululizo wa -ka- sita au saba bila kupumzika huanza kusikika kama ngano ya jioni, na kama hadithi yako inatokea katika ofisi ya bima utapata sauti usiyoikusudia. Vunja kwa -ki- (“akapanda daladala, akiwa bado anahesabu chenji”) au kwa sentensi ya hali.

Kwa hiyo, je, -ka- inaweza kufungua onyesho? Sarufi haikatazi, ila athari yake ni kulibandika onyesho jipya kwenye mgongo wa lile la zamani. Inafaa pale pengo la muda ni dogo, mtendaji ni yuleyule, na unataka mruko uonekane kama mzaha au pigo:

“Akaapa mbele ya mashahidi kwamba hataikanyaga tena nyumba ile.

\* \* \*

Akaikanyaga kesho yake, kabla ya saa mbili asubuhi.”

Hapo -ka- ya pili inachekesha kwa sababu inajifanya hakuna kilichokatika. Ukihama mtu na mahali pia, mchezo huo haukubali: “Akampigia simu” katika kipande chako inaning’inia hewani, haina kitenzi cha kuazima.

Mambo mawili madogo ya umbo, maana yamejitokeza. Vitenzi vya silabi moja hudondosha ku- baada ya -ka-: ni akala, akaja, akanywa, akafa. “Akakula” na “akakuja” husikika sana mitaani na katika mazungumzo ya wahusika zinafaa, ila si katika sauti ya msimulizi anayeandika Kiswahili sanifu. La pili ni ukanushi. -ka- ya kusimulia haina umbo lake la kukanusha. Badala yake tunatumia kitenzi tegemezi kilichokanushwa: “Akabisha hodi, asijibiwe. Akatafuta ufunguo, asiuone.” Wengi hukimbilia “hakujibiwa”, ambayo si kosa, lakini ha-ku- inaukata mnyororo, na asi- inauendeleza.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Msomaji akivuka nafasi tupu kati ya maonyesho mawili anataka kujua ni nani, wapi na lini, na anataka ajue ndani ya sentensi moja au mbili za kwanza. Kwa Kiswahili, “nani” ndilo jambo la hatari kuliko yote. Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala mtu na mtu. Katika “Akampigia simu. Hakupokea”, Asha anaweza kuwa mpigaji, na Juma pia anaweza, mhariri wako hakuwa na njia ya kujua. Ndani ya onyesho moja lenye watu wawili tunavumilia, kwa kuwa muktadha unasaidia. Kwenye mlango wa onyesho jipya, taja jina au cheo cha mhusika katika sentensi ya kwanza. Usimfiche nyuma ya a- kwa aya nzima ukidhani unajenga taharuki. Msomaji atamchukulia kuwa ni mhusika wa mwisho kutajwa, na atakapogundua amekosea atarudi nyuma kusoma tena, akiwa amekasirika.

Mitego ya “alipo-” ni ya aina hiyohiyo. “Alipofika nyumbani, alikuwa amelala.” Nani alilala? Andika “Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa amelala” na habari inakwisha.

“Wapi” ni rahisi, na hapa Kiswahili kimetujalia chombo kizuri ambacho waandishi wengi hawakitumii: kuanza na mahali, kisha kitenzi kikafuata mahali hapo. “Mlangoni palisimama askari wawili.” “Sokoni kulikuwa na tope.” “Chumbani mlikuwa na harufu ya karafuu.” Angalia kwamba pa-, ku- na m- hazilingani maana. Pa- inaonyesha mahali mahususi, kama panaponyoshewa kidole. Ku- inaonyesha eneo pana au lisilo na mipaka dhahiri. M- inaingiza msomaji ndani. Ukifungua onyesho kwa “Sebuleni mlikuwa na watu sita”, msomaji amekwishaingia. Kwa “Sebuleni palikuwa na watu sita” bado yuko kizingitini. Chaguo hilo la herufi moja linafanya kazi ya sentensi mbili za maelezo. Kosa la kuepuka ni “Sebuleni ilikuwa na watu”: nomino ikishapata -ni ya mahali, upatanisho nao hubadilika.

Pamoja na hilo kuna -ja na -enda. Vitenzi hivi humwambia msomaji jicho la msimulizi limesimama wapi. Kama Asha anaondoka Dar es Salaam na onyesho linabaki huko, “alikwenda Tanga”. Onyesho linalofuata likiwa Tanga, jicho nalo limehama, na mumewe anayemfuata “alikuja siku ya tatu”. Ukiandika “alikwenda siku ya tatu” wakati tumeshakaa Tanga na Asha, msomaji anavutwa kurudi Dar es Salaam bila taarifa. Vivyo hivyo “huku” na “kule”. Ukisahihisha rasimu, pitia mwanzo wa kila onyesho ukitafuta maneno haya manne tu. Ni kazi ya dakika kumi, na huzaa matunda.

“Lini” ina makosa yanayojirudia zaidi. La kwanza ni kutumia “jana” na “kesho” katika masimulizi ya wakati uliopita. “Kesho” hupimwa kutoka kwa anayesema sasa hivi. Katika masimulizi siku inayofuata ni “kesho yake” au “siku iliyofuata”, na iliyotangulia ni “jana yake”. “Kesho” tupu inakubalika ndani ya mazungumzo, au pale msimulizi anapoazima mawazo ya mhusika: “Kesho angeondoka, potelea mbali.” La pili ni saa iliyotafsiriwa. “Saa 7 asubuhi” haipo. Jua likiwa limechomoza tu ni saa 1 asubuhi, na saa 7 ni ya mchana au ya usiku. Kosa hili huingia kwa sababu simu na kompyuta zetu huhesabu kwa namna nyingine.

La tatu ni la siri kidogo, na linawatenganisha wasomaji wa pwani na wa bara. Kwa hesabu ya Waswahili wa pwani siku huanza magharibi, jua linapotua. “Usiku wa Ijumaa” kwao ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ule ambao wengine wangeuita Alhamisi usiku. Msomaji wa Dodoma au Nakuru ataelewa kinyume. Kama mauaji ya hadithi yako yametokea usiku huo na polisi wanahesabu saa, onyesho lote linaweza kumporomokea msomaji. Andika “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Hiyo inaeleweka Lamu na inaeleweka Mbeya.

Nyakati za siku zenyewe ni madaraja mazuri kuliko “baadaye”, kwa sababu zinaleta mwanga na sauti: alfajiri, alasiri, magharibi, usiku wa manane. “Adhana ya alasiri ilimkuta Juma bado bandarini” imetaja nani, wapi na lini kwa maneno saba. Ila isiwe kila onyesho. Hadithi ambayo kila sehemu inaanza na jua kuchomoza au kuzama inachosha upesi.

Kurudi nyuma katika wakati, yaani mbinu rejeshi, kunahitaji tahadhari moja inayohusu sarufi yetu. Kwa kawaida “alikuwa ame-” huonyesha tukio lililotangulia jingine: “Alikuwa ameondoka.” Lakini kwa vitenzi vya hali maana hugeuka. “Alikuwa amesimama mlangoni” haimaanishi kwamba alisimama zamani. Maana yake ni kwamba wakati huo yupo wima pale mlangoni. Ndivyo ilivyo kwa kukaa, kulala, kuvaa, kuchoka, kukasirika. Ukifungua kumbukumbu kwa kitenzi cha namna hii, msomaji ataisoma kama onyesho la sasa la hadithi. Fungua kwa alama ya wakati (“Miaka 6 kabla ya hapo”) au kwa “aliwahi”, weka “alikuwa ame-” katika sentensi moja au mbili, kisha ingia katika -li- na -ka- za kawaida. Kung’ang’ania “alikuwa ame-” kwa kurasa mbili kunachosha bure. Wakati wa kutoka, rudi kwenye kitu kilekile kilichokuwa mkononi mwa mhusika kabla ya kukumbuka: kikombe, barua, kamba ya kiatu. Na kama mtu alitokea zamani kama “mwanamke mmoja”, mrudishe kama “yule mwanamke”. Kioneshi kikitangulia nomino, msomaji anajua anapaswa kumkumbuka.

Turudi kwenye kipande chako. Jambo la kwanza si kuunganisha, ni kufuta. Kufika nyumbani, kupika na kula havibadilishi chochote katika hadithi. Vimewekwa tu ili Asha asiruke kutoka dukani, na ni hivyo vilivyozaa “baadaye” mbili. Msomaji anajua watu hurudi nyumbani. Kinachobaki ni simu, nayo ndiyo daraja:

“Asha alifunga kufuli la pili, akavuka barabara, akadandia daladala ya mwisho. Ndani ya mkoba simu ikatetemeka, asiisikie.

\* \* \*

Bandarini, Juma alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa. Alipiga mara tatu. Mara zote iliita mpaka ikakata yenyewe.”

“Wakati huohuo” imeondoka, kwa sababu simu moja inayoita sehemu mbili imekwisha kusema kwamba ni wakati uleule. “Alikuwa amekasirika” nayo imeondoka. Kupiga mara tatu kunatosha. Onyesho la pili linaanza na mahali, kisha jina, na -li- ikifungua.

Kuhusu viunganishi, bado vina nafasi, ila kila kimoja na kazi yake. “Kisha” huunganisha vitendo vilivyoshikana, kwa hiyo hufaa ndani ya onyesho, si mpakani. “Hatimaye” inadai kungoja: usiitumie kama hakuna aliyengoja. “Ndipo” inahitaji sharti au sababu iliyotangulia. “Mara”, kwa maana ya ghafla, hupenda kufuatwa na -ka-: “Mara mlango ukafunguka.” “Huku nyuma” ni nzuri sana ukimrudia mhusika aliyeachwa nyumbani, na inashangaza jinsi tulivyoisahau kwa kupenda “wakati huohuo”. “Hata” ya kale, kama katika “Hata siku ya tatu akarejea”, ina ladha ya ngano. Msomaji kijana anaweza kuichukulia kuwa ni ile “hata” ya kusisitiza, na sentensi ikampinda.

Nyota tatu au mstari mtupu? Chagua kimoja na ukishike hadithi nzima. Mstari mtupu una kasoro moja: ukiangukia chini kabisa ya ukurasa, au maandishi yakipitia simu inayofuta nafasi, hupotea, na maonyesho mawili hushikana. Kwa kinachosomwa kwenye simu, weka nyota.