Gari la kufungua paa na hewa ya bahari ya Mtwara: jibu refu kidogo

Mkuu, umeuliza kama gari la kufungua paa linaweza kukaa Mtwara mwaka mzima, mvua na kiangazi, wakati nyumba unayohamia haina gereji. Umesema jicho lako liko kwenye Mazda Roadster ya zamani. Linakaa. Mimi ninalo la kizazi cha kwanza, zile za 1989 hadi 1997 zenye taa za kuinuka. Kwenye karatasi za Japani utaona limeandikwa Eunos Roadster. Usishtuke, ni lilelile ambalo kwingine wanaliita MX-5. Nililiagiza baada ya ule msimu wa 2017/18, korosho ilipogusa shilingi 4,000 kwa kilo na kila mtu kusini akajiona tajiri. Wenzangu walinunua bodaboda na mabati. Mimi nikanunua gari la siti mbili, na nina watoto watatu. Mama watoto hajanisamehe mpaka leo.

Nianze na mwaka wa kwanza, maana ndipo nilipoharibu karibu kila kitu.

Nakaa Shangani, hapahapa Mtwara mjini, bahari iko karibu, na gari nililiegesha chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli. Mvua zilipokaribia nikanunua turubai la plastiki, lile la kuanikia korosho, nikalifunika na kulikaza kwa kamba mpaka chini. Nikajipongeza. Wiki mbili baadaye nalifunua: usukani una ukungu mweupe, mikanda ina ukungu, ndani kunanuka kama godauni lililovuja. Unyevu uliingia kutoka ardhini ukakosa pa kutokea. Na ule upande unaopigwa na upepo, turubai lilikuwa likipepea na mchanga ndani yake usiku kucha, rangi ikawa kama imepigwa msasa. Kwa hiyo turubai la plastiki sahau. Nilijenga banda la makuti, nguzo nne, pande zote wazi. Makuti yanadondosha vumbi, ni kweli, lakini vumbi linafutika. Siti nazifunika kwa kanga chakavu, basi.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja Januari. Kama hujawahi kuishi huku, mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, si mara mbili kama Dar. Siku hiyo natoka mjini, nafika kwenye tuta, nafunga breki, nasikia maji yanatembea chini yangu: chwaaa, kutoka nyuma kwenda mbele. Nikaondoa mguu kwenye breki, yakarudi. Mkeka ulikuwa mkavu kabisa.

Hapa sikiliza vizuri, maana mafundi wengi wa huku hawajawahi kulishika gari hili. Paa la kitambaa halikutengenezwa lizuie maji yote moja kwa moja. Maji yanayoteremka kwenye kitambaa kwa nyuma yanaingia kwenye mfereji wa mpira uliozunguka nyuma ya siti, yanakwenda kwenye matundu mawili, moja kila kona, kisha yanashuka kwa mrija na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Tundu likiziba, maji yanafurika na kuingia kwenye kile kizingiti cha chuma chini ya mlango, ambacho ndani ni kitupu. Yanakaa humo. Wewe huyaoni, kutu inayaona.

Fundi wangu alileta waya wa chuma anyooshee tundu. Mzee jirani yangu, mvuvi, alikuwa barazani anashona nyavu, akamzuia: “Wewe, waya utautoboa huo mrija. Mwanangu, njoo uchukue mshipi.” Akanikatia kama mita moja na nusu ya mshipi mnene wa nailoni, ule wa samaki wakubwa, akaichoma ncha kwa kiberiti mpaka ikawa kidonge kisichochoma. Nikausukuma taratibu nikiuzungusha. Ukagoma. Nikavuta, nikasukuma tena, mara ukazama wote, na pembeni ya tairi yakamwagika maji meusi kama chai ya jana, yamejaa vijani vya mwarobaini. Vile vijani vyembamba vinapita popote, halafu vinajipanga ndani ya mrija kama kizibo. Upande wa pili hivyohivyo.

Tangu siku hiyo, kila mwezi wakati wa mvua namimina nusu lita ya maji kila upande. Yakitoka chini papo hapo, sawa. Yakichelewa, mshipi. Gari nalo nililihamisha kutoka chini ya mwarobaini. Mwembe ni hatari nyingine, dodo likidondoka juu ya paa la kitambaa hutalisahau.

Kizingiti cha kushoto kilikuwa kimeshaanza kuliwa. Fundi bodi akataka kujaza puti na kupaka rangi, jioni nichukue gari. Nilikataa. Kutu inayotoka ndani ukiipaka puti kwa nje umeifunika blanketi tu. Tulikata sehemu mbovu, tukachomelea bati jipya, kisha tukapuliza dawa ya kutu ya nta ndani kupitia matundu yaliyopo. Ilikuwa ghali, ila mpaka leo haijarudi.

Sasa chumvi. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Mei hivi mpaka Septemba, ukipitisha kidole kwenye kioo asubuhi kisha ukakilamba, utaipata. Dawa yake ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na hasa chini ya gari, kila wiki. Ila angalia yanatoka wapi. Kuna mahali nilikuwa nalipa gari lioshwe, vijana wachapakazi kweli, presha nzuri, lakini likikauka linabaki na madoa meupe. Siku moja nikaonja maji ya pipa lao. Chumvi tupu, kisima chao kiko jirani na ufuko. Nilikuwa nalipa hela kuongezewa chumvi.

Halafu kuna ule mtindo wa kumaliza kuosha kwa kupuliza oili chafu na dizeli chini ya gari. Wadau wengi watakuambia inazuia kutu. Inazuia kidogo, lakini inalainisha mipira ya bushi na inashika mchanga. Mimi siruhusu. Na mipira ya kuzunguka paa na vioo usiipake mafuta ya mgando kama nilivyofanya mimi: ilivimba, ikashika mchanga, na vioo vikaanza kulia. Tafuta dawa ya silikoni, paka kidogo kwa kitambaa.

Kitu ambacho hutakisoma kwenye kitabu cha gari lolote ni salfa. Katikati ya mwaka wakulima wanaipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na ukipita barabara za mashambani, Naliendele kwenda mbele, asubuhi upepo ukiwa umetulia, unaona vumbi la njano limening'inia. Ukipita paa likiwa wazi, utakohoa na kulia machozi, na likitua kwenye vichwa vya waya vya shaba vinageuka vyeusi. Msimu huo nafunga paa nje ya mji, nikirudi nasuuza gari kabla umande haujaanguka.

Betri ya gari hili iko kwenye buti, na lililotoka nalo kiwandani ni la aina iliyozibwa, lenye vijirija vya kutolea hewa nje. Fundi umeme atakuwekea betri la kawaida na kuiacha mirija ikining'inia. Mvuke wa tindikali utakula bati la buti kimyakimya. Nunua lenye tundu la kuunganisha mirija hiyo.

Paa lenyewe halina mengi. Kama ni la zamani lenye dirisha la plastiki nyuma, fungua zipu, lilaze dirisha kwanza, ndipo ukunje paa. Ukilikunja hivihivi dirisha linapasuka. Lifute kwa maji mengi, kamwe usilifute kavu. Usikunje paa likiwa bichi, litaota ukungu. Na usiliache limekunjwa wiki nzima, kitambaa kinasinyaa, halafu siku ya mvua unavutana nalo kama ngozi ya ngoma. Taa za mbele ziinue na kuzishusha hata kama hutembei usiku, zisikwame. Watoto wa Mikindani wakiniona wanapiga kelele “konyeza! konyeza!” kwa hiyo zangu hazikosi mazoezi.

Injini ndiyo isiyonisumbua. Ile ya 1.6 ni B6, ndugu wa zilizokuwa kwenye Mazda Familia, vitu vidogovidogo vinapatikana Dar na kuja na basi. Mkanda wa taiming badilisha kila kilomita 100,000, na kama historia ya gari huijui, badilisha ukilipokea. Themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la injini, mtu asiing'oe, hata akikuapia kwamba huku joto haihitajiki. Kwenye rejeta weka koolanti, ile dawa ya kupoza injini, si maji ya kisima. Tairi ni 185/60 za inchi 14, hazikosi. Ufuko wa Msimbati usiende nalo; nilienda, mchanga ulilishika mpaka tumboni, tukatoka saa nne usiku kwa msaada wa wavuvi.

Kabla hujalipia, mwambie muuzaji akupigie picha ya kizingiti, pale mbele kidogo ya tairi la nyuma, pande zote mbili, na nyingine ya sakafu ya buti betri likiwa limetolewa. Akisitasita, tafuta jingine. Ukifika Mtwara niandikie, mzee bado ana mshipi.