Mguu wa bandia umepata ufa: epoksi inafaa wapi?

Pole, ndugu. Unauliza kama epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, itaziba ufa kwenye kikombe cha mguu wako wa bandia, yaani pale kigutu kinapoingia. Inategemea ufa uko wapi. Ufa ukiwa chini ya kikombe, karibu na pale bomba la mguu linapofungwa, usiguse: hapo ndipo uzito wote unapopita, na gundi ikiachia ukiwa kwenye ngazi utaanguka. Mpelekee fundi wa viungo bandia.

Kama ni ukingo wa juu tu uliomeguka, hilo nimelifanya mwenyewe. Kwaruza kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao upotee kabisa, pangusa kwa spiriti, acha ikauke. Vaa glavu, uchanganye epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kisha upake. Mara ya kwanza nilikadiria kwa jicho. Ikanata kama ulimbo siku tatu! Usiuvae kabla ya saa 24, maana epoksi mbichi huwasha ngozi vibaya. Kisha piga msasa laini, upitishe kidole ukingoni. Ukihisi kitu kinakwaruza, rudia.

Supaglu achana nayo, huvunjika ikipindwa. Na kama una kisukari, au kigutu kina kidonda, usijaribu hata huo ukingo. Nenda kwa fundi.