Mkono Ukiumia: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Daktari, nilianguka na bodaboda pale Jogoo Road nikajikinga kwa kiganja. Nilipigwa eksirei nikaambiwa mfupa ni mzima. Leo ni siku ya 9 na bado siwezi kufungua kifuniko cha chupa. Jirani anasema kuna mama fulani Kayole anayekanda vizuri. Niende? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Kwa huyo mama usiende. Rudi hospitali.

Simamisha kidole gumba. Nyuma ya shina lake, karibu na kifundo cha mkono, patatokea kishimo. Kibonyeze. Ukisikia uchungu hapo kuliko kwingine, tunashuku skafoidi, kijifupa chenye umbo linalokaribia korosho. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku za kwanza. Baada ya siku 10 hadi 14 kingo zake huwa zimelika kidogo, na hapo mstari hujitokeza. Kwa hiyo picha safi ya siku ya kwanza haikutoi shakani.

Tatizo la mfupa huu ni damu yake. Sehemu kubwa huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea mkononi. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma hubaki kama ploti ya mwisho kwenye laini ya maji: bomba likipasuka, ploti hiyo ndiyo ya kwanza kukauka. Kinaweza kufa, na kifundo kikabaki na maumivu ya miaka. Kukanda husogeza vipande ambavyo vingeunga vyenyewe.

Omba picha ya pili inayolenga skafoidi, na hadi upigwe uvae gango (kifaa kigumu cha kutuliza mfupa) linaloshika kifundo na kidole gumba. Likithibitika ni ufa, plasta hukaa wiki 6 hadi 12. Usidanganywe na uvimbe mdogo. Mfupa huu hauna makeke. Na ukishafungwa plasta, maumivu yakizidi, vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, rudi usiku huohuo, usingoje siku ya kliniki.

SWALI: Nafua vyuma Kamukunji. Bati lilinikata kidole cha shahada upande wa kiganja. Kidonda ni kidogo na damu imekata, ila ncha ya kidole haikunjiki. Nikifunga bandeji itapona? (Fundi)

JIBU: Ngozi itapona, kidole hakitapona. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili (kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa) za kukikunja: moja hukunja kiungo cha kati, nyingine ncha. Ya ncha ikikatika, ile nyingine bado inafanya kazi, ndiyo maana watu hudhani kidole kiko sawa. Shika kiungo cha kati kikiwa kimenyooka, kisha jaribu kukunja ncha peke yake. Ikikataa, kano imekatika. Gusa pia ubavu wa kulia na wa kushoto wa ncha, kwa kuwa kila ubavu una mshipa wake wa fahamu. Ganzi upande mmoja tu ni dalili tosha kwamba mshipa huo umeumia.

Kano iliyokatika huvutwa ndani kuelekea kiganjani. Ikiunganishwa katika siku chache za kwanza kazi ni rahisi; wiki zikipita hunata kwenye kovu, na huenda ikahitajika kano ya kupandikiza. Nenda leo, na kabla hujashonwa mwambie anayeshona apime kano kwanza, maana ngozi ikishafungwa hakuna anayeona cha ndani. Ulizia sindano ya pepopunda kama ya mwisho imepita miaka 5. Majani ya chai na petroli usiweke.

SWALI: Kidole kikikatika kabisa, tukitie kwenye barafu? (Msomaji, Industrial Area)

JIBU: Si moja kwa moja, barafu huunguza nyama. Kifunge kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi kidogo, ukitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio ukae juu ya barafu iliyochanganywa na maji. Kwa aliyeumia, kandamiza jeraha dakika 10 bila kuchungulia, mvue pete, inua mkono juu ya usawa wa moyo, asile wala kunywa. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walimrudishia kijana mkono mzima uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kwa hiyo usikitupe kile kipande kwa kudhani hakina maana.