Wadogo zangu wa fildi, Kiingereza cha wodini hakikaririwi

Wiki hii nimepitia mafaili ambayo wanafunzi wa fildi wamechukua historia, yaani maelezo ya mgonjwa, na nimekuta yaleyale tuliyoyakuta kwa waliowatangulia. Bibi kaja analalamika chembe ya moyo inamuuma, mwanafunzi kaandika "chest pain". Mama kasema mtoto kapungukiwa damu, faili linasema "bleeding". Kijana kaanguka na bodaboda kavunjika mkono, imeandikwa "hand" wakati uvimbe uko karibu na kiwiko. Na hawa sio wavivu jamani, nawaona wanavyokesha na simu wakikariri yale maorodha ya maneno magumu mia mbili ya kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anakutajia "cholecystectomy" bila kupepesa, halafu bibi wa watu na tumbo lake anaandikiwa ugonjwa wa kifuani.

Shida naiona hivi. Mnasoma Kiingereza cha tiba kwa ajili ya mtihani, wakati wodini kazi yake ni kubeba maneno ya mgonjwa kutoka kitandani mpaka kwenye faili bila kumwaga chochote njiani. Mtihani unakuuliza neno, hauulizi yule mama alisema nini. Sasa nawaandikia yale ninayoyarudia kila siku kwenye kukabidhiana zamu, myasome mkiwa mmetulia.

1. Soma habari za mwili, achana na orodha.

Chukua kitu kimoja, mfano figo, usome kurasa mbili tatu kuhusu inavyochuja damu, mkojo unavyotengenezwa, nini kinatokea ikishindwa kazi. Humo humo utakutana na "renal" na utakutana na "nephritis", na utaona kwamba zote zinazungumzia figo ileile, moja imetoka Kilatini na nyingine Kigiriki, basi hutasahau tena maana umekutana nazo zikiwa kazini. Moyo hivyohivyo, ini hivyohivyo. Na msianze na kitabu kinene cha chuo. Anzeni na maandishi waliyoandikiwa wagonjwa, kurasa za MedlinePlus za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kurasa za NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, ni za bure na Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi. Ukishaelewa hapo ndio unafungua kitabu cha chuo kwenye mada hiyohiyo na utashangaa kinasomeka. Mwenye bahati ya kupata Where There Is No Doctor cha David Werner atafute na cha Kiswahili, Mahali Pasipo na Daktari, aviweke mezani viwili asome aya kwa aya.

Kijitabu ninachokipenda kuliko vyote kwa kujifunzia ni kile cha IMCI, mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto wadogo, kilichoko kwenye kila chumba cha watoto na ambacho mnakitumia kuegemeza feni. Kifungueni! Kiingereza chake ni kifupi na kila neno lina kitu cha kutazama kwa macho. Macho yaliyoingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole sana, zaidi ya sekunde 2. Mbavu za chini zinabonyea ndani mtoto akivuta hewa. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 mpaka asitimize mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 mpaka asitimize 5. Soma sentensi moja, nenda kitandani ukaitazame kwa mtoto, rudi usome tena. Neno "chest indrawing" ukishaliona kwenye kifua cha mtoto wa miezi saba anayehangaika kupumua huhitaji mtu akutafsirie.

2. Saa.

Hapa naomba mnivumilie maana nitaongea sana, na sipendi kuisimulia hii ila nimeona juzi mwanafunzi amefanya vilevile.

Nilikuwa bado mgeni leba, nimetoka chuo na Kiingereza changu kizuri. Kaja mama wa mimba ya kwanza, mtoto wa watu mpole, kasindikizwa na mama mkwe wake, ilikuwa kama saa nne asubuhi. Uchungu bado haujachanganya ila chupa imepasuka tangu nyumbani. Nikamuuliza ilipasuka saa ngapi, akaniambia, "Saa tatu usiku sista, nilikuwa ndio namaliza kuosha vyombo." Mimi naandika huku anaongea, nina haraka, kuna wengine watatu wanasubiri, nikaandika kwenye faili na kwenye partogramu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu: 3:00 am. Nikaendelea na swali linalofuata.

Saa tatu usiku ni 21:00. Na hakuna anayemaliza kuosha vyombo saa tisa za usiku, mama wa watu alinipa na ushahidi kabisa, mimi nikaupitiliza kwa sababu sikuwa namsikiliza yeye, nilikuwa nasikiliza sentensi yangu ya Kiingereza inavyokaa.

Sasa hesabuni wenyewe. Kwa saa yangu ya uongo, alipofika alikuwa na masaa saba tangu chupa ipasuke, kwa ukweli alikuwa na kumi na tatu. Ilipofika saa tisa mchana alikuwa ametimiza masaa 18, na hapo wote mnajua, mama anaanzishiwa antibayotiki maana hatari ya maambukizi kwa mtoto imepanda. Kwenye faili langu ilikuwa masaa 12 tu, kwa hiyo kila aliyepita akasoma, akaridhika, akaendelea. Zamu ilibadilika, nikakabidhi vilevile nilivyoandika, kwa sauti ya kujiamini. Alijifungua saa moja jioni, mtoto akalia vizuri, mama mkwe akanishika mikono yote miwili akanishukuru.

Siku iliyofuata mtoto akaanza kukataa ziwa. Halafu mwili wa moto, halafu pumzi zinapita 60 kwa dakika. Akapelekwa wodi ya watoto wachanga. Dokta wa watoto hakuanza na faili letu, alianza na mama, akamuuliza upya kwa Kiswahili kila kitu, na mama akamjibu vilevile, saa tatu usiku, nikimaliza kuosha vyombo. Ndio akafungua faili. Akaniita. Hakunifokea, alinionyesha tu mstari wangu kwa kidole, akaniambia niusome kwa sauti halafu nimwambie kwa Kiswahili ni saa ngapi. Nilisoma mpaka katikati nikashindwa kumalizia.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba antibayotiki ingemkinga yule mtoto, hakuna anayeweza kusema. Ila nafasi yake ya kukingwa niliifuta mimi kwa kalamu. Nilienda kwa mama nikamweleza nilichokiandika. Alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza, "Kwani sista, mimi sikukwambia vizuri?" Yaani anajitafutia kosa yeye. Ilibidi nimwambie aliniambia vizuri kabisa. Mtoto alipona, alikaa kwenye sindano siku kadhaa akaruhusiwa, na ningependa kila anayesoma hapa ajue kwamba kupona kwake hakunifanyi niione ile saa kuwa ndogo.

Kwa hiyo sheria yangu leba, na kwa yeyote anayekaa meza moja na mimi: saa unaiandika kwa mfumo wa masaa 24 tu, hakuna am hakuna pm. Unamuuliza mgonjwa alikuwa anafanya nini wakati huo, ameshakula, watoto wamelala, adhana imeshaadhiniwa? Halafu unamrudishia kwa Kiswahili, "Kwa hiyo ilikuwa usiku wa jana, kabla hujalala?" Na tarehe vilevile, maana wazee wengi bado wanahesabu siku kuanzia jua likizama, bibi akikwambia usiku wa Jumatano anaweza kuwa anamaanisha ule wa kuamkia Jumatano, ambao wewe kwenye kalenda yako ni Jumanne. Uliza. Dozi ya mwisho ya dawa, degedege lilipoanza, mara ya mwisho mtoto kucheza tumboni, vyote hivi vinategemea saa.

3. Kwenye "hyper" (imepanda) na "hypo" (imeshuka) andika namba pembeni. Sukari 2.4 inajieleza yenyewe hata kama mwandiko wako mbaya, na matibabu ya kushuka na ya kupanda yanapishana kabisa, mmoja anahitaji dextrose, yaani sukari, haraka na mwingine anahitaji insulini, herufi mbili zisiachiwe kazi hiyo peke yake.

4. Mwili wa Kiswahili na mwili wa Kiingereza mipaka yake haifanani.

Mkono kwetu unaanzia begani mpaka kwenye vidole, mguu hivyohivyo mpaka kwenye vidole. Kiingereza kimekata vipande, na daktari wa upasuaji anasoma kipande ulichoandika. Dawa yake rahisi, mwambie mgonjwa aguse kwa kidole kimoja panapouma, na uandike pale alipogusa. Chembe ya moyo akiigusa utaona kidole kimeenda juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua, hapo ni "epigastric", mara nyingi ni habari za vidonda vya tumbo au kiungulia. Ila, na hapa msinielewe vibaya, moyo wenyewe ukiwa na shida wakati mwingine maumivu yanajitokeza hapohapo, kwa hiyo andika alipogusa halafu endelea kuuliza, usimalizie wewe kichwani.

Degedege nayo. Mama akisema degedege anakwambia alichokiona, mtoto kakakamaa, macho yamegeuka, anatetemeka. Andika "convulsions", muda gani, mara ngapi. Usiandike kifafa, hiyo ni diagnosi, jina la ugonjwa lenyewe, na hujafika huko. Kuna nyumba degedege linahesabiwa ni mambo ya mashetani na mtoto kaanzia kwa mganga, sasa ukimkunjia uso mama hatakwambia amepewa nini kule, na ulikuwa unahitaji sana kujua. Kuna mwanafunzi wa mwaka jana, binti mtaratibu sana, alikaa chini sakafuni pembeni ya mama mmoja aliyekuwa hasemi kitu, akamwomba amwonyeshe mtoto alivyofanya, mama akaonyesha kwa mikono yake mwenyewe, upande mmoja tu wa mwili ulikuwa unatetemeka. Hiyo haikuwa kwenye faili lolote. Kiingereza cha yule binti kilikuwa cha kawaida tu ila historia yake siku ile ilisomwa kwenye raundi nzima.

5. Maneno mapacha yaandikieni ukurasa wake kwenye daftari. "Ileum" ni utumbo, "ilium" ni mfupa wa nyonga. "Dysphagia" ni kushindwa kumeza, "dysphasia" ni shida ya lugha, kuongea au kuelewa. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa na mojawapo au zote mbili, na ukikosea herufi moja atakuja ndugu na chupa ya uji, muuguzi wa zamu atasoma faili ataona hakuna neno, mnywesheni tu, uji unaingia kwenye mapafu. Mimi ukurasa wangu wa mapacha unaongezeka mpaka leo.

6. Vifupisho acheni kubuni. MS kuna anayesoma mofini, dawa ya maumivu makali, na kuna anayesoma magnizia salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, na leba kwetu hizi mbili hazitakiwi kuchanganywa hata kwa ndoto. Andika jina zima la dawa. Na sifuri ianze kabla ya nukta, 0.5, na isikae baada ya nukta, maana 1.0 iliyoandikwa kwa haraka inasomeka 10.

7. Tahajia ya hapa kwetu ni ya Uingereza, "anaemia", "haemorrhage", "oesophagus", mkisoma kurasa za Kimarekani mtakuta herufi zimepungua, ni neno lilelile msihangaike.

8. Someni kwa sauti, wawili wawili. Mmoja anasoma aya ya Kiingereza, mwenzake anaieleza kwa Kiswahili kama anamweleza shangazi yake kijijini, bila kuchomekea neno hata moja la chuo. Akikwama, hapo ndipo hamjaelewa wote wawili. Nimeona wanafunzi wenye A ya anatomia wanakwama kwenye kueleza safura ni nini, wanazunguka weee, halafu wanacheka, halafu wanarudi kitabuni wenyewe bila kutumwa. Napenda sana kuwaona hivyo.

Na msione aibu kuuliza mwandiko wa dokta, wala msione aibu ya sarufi. Kuandika "patient complain" bila s hakujamdhuru mgonjwa hata mmoja, mimi sitakupigia kelele kwa hilo. Nitakupigia kelele ukiandika kitu ambacho mgonjwa hajasema.

Kesho kwenye raundi kila mmoja aje na daftari dogo la kuingia mfukoni, sio hayo makubwa ya lekcha, na humo awe na maneno matano ya mgonjwa wake kwa Kiswahili cha mgonjwa mwenyewe, kama alivyotamka. Tutayaandika kwa Kiingereza pamoja pale pale kitandani, na mgonjwa atakuwepo kutusahihisha.