Insha ya Othello: usimtwike Iago lawama zote

Umeuliza kama, katika insha kuhusu Othello, tamthilia ya Shakespeare, inatosha kuandika kwamba Iago, ofisa mwenye hila, ndiye aliyemwangamiza jemadari wake Othello. Haitoshi, hiyo ni nusu ya jibu. Shika tendo la 3, onyesho la 3. Mwanzoni Iago hazushi kitu: anadokeza kwamba Desdemona, mke wa Othello, ana uhusiano na Cassio, ofisa mwingine, anasita, anarudia maneno ya Othello mpaka bwana mwenyewe anaanza kumbana aseme. Halafu Othello anadai ushahidi wa macho, lakini anaridhika na maneno matupu ya Iago kwamba aliiona leso ya Desdemona kwa Cassio (ambayo Emilia, mke wa Iago, ndiye aliyeiokota!) bila hata kumhoji Cassio. Dosari yake iko hapo. Nukuu mistari michache, ichambue. Kusimulia hadithi nzima kunakula alama. Namba za mistari hutofautiana kati ya matoleo, kwa hiyo mwulize mwalimu mnatumia lipi.