Gari la springi linaishia mita 2: niongeze mtego wa pili?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma kidato cha tatu hapa Ujiji, Kigoma. Mradi wetu wa fizikia ni gari la mfano linaloendeshwa na springi ya mtego wa panya, na linatakiwa liende angalau mita 5 kwenye sakafu ya saruji. Magurudumu yangu ni CD nne, ekseli ni ya mti, kipenyo mm 6. Uzi nimeufunga kwenye waya uleule wa mtego, wenye urefu wa sm 5. Nikiliachia linachomoka kwa fujo huku magurudumu ya nyuma yakiteleza, kisha karibu na mita 2 linasimama ghafla kama limeshikwa. Niongeze mtego wa pili?

Jibu: Marahaba. Usiongeze. Springi moja inatosha, ila nguvu yake yote inaisha kwa mkupuo mmoja.

Piga hesabu. Mkono wa mtego, yaani ule waya unaofyatuka, ukigeuka nusu duara, ncha yake huvuta uzi wa takriban mara mbili ya urefu wa mkono. Wako ni sm 5, basi uzi ni sm 10. Mzingo wa ekseli yako ni karibu mm 19, hivyo inazunguka mara 5 na kidogo. CD ina kipenyo cha sm 12, na kila mzunguko hutembea karibu sm 38. Zidisha: mita 2. Mtego wa pili ungeongeza nguvu bila kuongeza uzi, na magurudumu yangezidi kuteleza.

Refusha mkono hadi sm 20. Uzi utakuwa sm 40 na msukumo utafika mita 8, achilia mbali mwendo wa kuserereka baada ya hapo. Kwa mkono huo, spoku moja ya baiskeli hupinda. Funga mbili pamoja, au tumia ufito wa mwanzi wa unene wa penseli. Ukaze kwa waya mwembamba juu ya mkono wa zamani. Ekseli ya nyuma ikae sm 22 kutoka kwenye springi, ili mkono ukitegwa ncha yake iishie karibu na ekseli bila kuigusa. Vidole vikae mbali: mkono mrefu hupiga vibaya.

Kule kusimama ghafla kunatokana na fundo la uzi kwenye ekseli. Uzi ukiisha, ekseli inayoendelea kuzunguka huanza kuukunja upande wa pili na kujifunga breki. Usiufunge kwenye ekseli kabisa. Bandika hapo kijino cha waya cha mm 3 kwa supagluu, kilale kidogo kuelekea upande wa kukunjia, na mwisho wa uzi uweke kitanzi. Uzi wa kushonea nyavu, ambao Kigoma haukosekani, unafaa kwa sababu hauvutiki sana. Urefu wake uishie pale kitanzi kinapofika kwenye kijino mkono ukiwa umelala mbele kabisa. Ukizidi, utaburuzwa na kunasa.

Tundu la CD ni mm 15, pana mno kwa ekseli yako. Lizibe kwa duara la soli ya kandambili lililotobolewa katikati, kisha zungusha gurudumu uangalie kama linayumba. Vika CD za nyuma ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kwenye mashimo ya ekseli nyunyiza unga wa risasi ya penseli. Grisi nzito hushika vumbi na kuzuia.

Kabla ya kutega, lisukume kwa mkono. Likienda kombo, pima umbali kati ya ekseli mbili upande wa kushoto na wa kulia: tofauti ya mm 1 tu huonekana.

Likigoma kuondoka, mkono umekuwa mrefu kuliko nguvu ya springi inavyoruhusu. Hamishia uzi kwenye sm 15 ya mkono, uupunguze kwa sm 5, na bado una mita 6.