Maswali ya Wasomaji: Kwa nini nguva hawaongezeki?

SWALI: Huku kwetu wazee wanasema zamani nguva walionekana kwa makundi. Siku hizi mtu huvua mwaka mzima asimwone hata mmoja, na kumvua ni marufuku. Mbona hawarudi? – Msomaji, Kilwa

JIBU: Marufuku peke yake haizalishi nguva. Jike hubeba mimba kwa miezi 13 hadi 15, na huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra sana. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita moja na kitu, uzito kilo 20 hadi 35. Wiki chache baadaye huanza kuguguna nyasi za bahari, lakini ziwa haliachi upesi: hunyonya kwa mwaka na nusu hivi. Ndiyo maana kati ya uzazi mmoja na mwingine hupita miaka mitatu hadi saba. Uzazi wa kwanza nao huchelewa. Wako wanaoanza na miaka sita au saba, wengine hufika hata 17.

Tuseme jike ameanza na miaka 10, akawa anazaa kila baada ya miaka mitano. Hadi atimize miaka 30 amezaa watoto watano. Akinaswa na miaka 12, amekufa ameacha mmoja tu. Hata panapokuwa na malisho tele na hakuna wa kuwasumbua, kundi huongezeka kwa takriban asilimia 5 tu kwa mwaka. Penye nguva 100, hao ni watano. Nyavu za jarife zikinasa watano, mwaka mzima umekwenda bure. Zikinasa wanane, kundi linapungua hata kama hakuna aliyekusudia kuwavua. Jarife hutegewa papa na taa, lakini nguva huvuta hewa kama sisi, na asipoweza kuibuka hufa maji. Kwa maoni yetu, hapo ndipo pa kuanzia: si kuwahesabu watoto, ni kuwanusuru majike wazima, ambao wakiachwa wanaweza kufika miaka 70.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mwaka 1992, huko Hervey Bay, Australia, mafuriko na kimbunga viliharibu zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za nyasi za bahari, kwa kuwa tope lilizuia mwanga. Kabla ya hapo watoto walikuwa kama asilimia 22 ya kundi. Mwaka uliofuata walishuka hadi asilimia 2 hivi. Jike mwenye njaa huahirisha kuzaa. Kwa hiyo kokoro, yaani wavu wa kukokota, linalong'oa nyasi huwapunguza nguva hata lisipomgusa mmoja.

Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji.

SWALI: Dume na jike hutambulikanaje? – Msomaji, Lamu

JIBU: Mgeuze tumbo, ikiwa amekufa. Tundu la uzazi la dume liko karibu na kitovu, la jike karibu na mkundu. Jike ana chuchu mbili, moja katika kwapa la kila pezi. Meno mawili ya mbele huchomoza kwa madume waliobalehe, lakini usiyategemee: majike wachache wazee nao huyatoa.

SWALI: Nikimkuta hai kwenye jarife, nifanye nini? – Msomaji, Mafia

JIBU: Hewa kwanza. Nyanyua kamba ya juu ya wavu mpaka pua zake ziwe nje ya maji, mtu mmoja azishikilie hapo. Kisha kata nyuzi. Ukijaribu kuzifungua moja moja utachelewa, naye atazidi kujizungusha. Anza na zilizobana mapezi, malizia mkia, na ukae mbali na mkia wenyewe, kwani mzima anaweza kupita kilo 300 na pigo lake huvunja mtu mbavu. Usimvute kwa mkia, utamuumiza uti wa mgongo. Usimpandishe chomboni: nje ya maji uzito wake hukandamiza mapafu. Akiwapo mtoto pembeni, msimfukuze wala msimpeleke ufukweni. Zimeni mashine, mwacheni mama aondoke naye.

Akiwa amekufa, msimchinje. Pimeni urefu kutoka ncha ya pua hadi katikati ya ukingo wa mkia, pigeni picha ya tumbo, mwiteni ofisa uvuvi. Kichwa kibaki na meno yake, kwa sababu umri wa nguva husomwa kwenye tabaka zilizo ndani ya meno hayo ya mbele.